RAV4 itafika Nyandira? Jibu kwa marafiki saba wanaotaka kulala mlimani

*Shikamoo fundi. Sisi ni marafiki saba, tunakaa Tabata na Mbezi Beach. Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa saba tunataka kutoka Dar tukalale milimani kwenye mahema, Jumapili turudi. Tuna Prado ya dizeli ya mwaka 2006 na RAV4 ya mwaka 2008, zote otomatiki. Watano wanataka Uluguru, wawili wanang'ang'ania Lushoto. Mwenye RAV4 anaogopa gari litamfia njiani, mwenye Prado anasema lake linafika popote. Njia mbovu tuliyowahi kuendesha ni ile ya mchanga wa Kimbiji tu. Halafu mmoja wetu Ijumaa anatoka kazini saa moja jioni. Tujipange vipi?*

Marahaba. RAV4 itafika Nyandira, kijiji cha Uluguru nitakachowapangia. Anayenipa wasiwasi katika kundi lenu ni huyo mwenye Prado.

Gari lenye nguvu halimzuii dereva mgeni kukwama, linampeleka mbele zaidi kabla hajakwama. RAV4 ikigoma itagoma mapema, kwenye kilima cha kwanza chenye utelezi, mahali ambapo watu watano wakishuka na kusukuma inatoka. Prado itapita hapo dereva akiwa anaongea na simu, kisha itakwenda kuzama kwenye korongo ambalo kulitoa gari ni kazi ya siku nzima. Ikishapakiwa watu wanne, mahema na maji, Prado hiyo inakaribia tani mbili na nusu. Kupanda na uzito huo injini ya dizeli haina shida. Shida ni Jumapili asubuhi, uzito uleule unapoteremka na kazi yote imeachiwa breki. Kwa hiyo safari nzima nitaipanga kwa kipimo cha RAV4 na kwa kufikiria kushuka, na mwenye Prado atanivumilia.

Tuanze na mahali. Mkiwa na siku mbili, nendeni Uluguru. Kutoka Dar hadi Morogoro ni kama kilomita 195 za lami, na milima imekaa mgongoni mwa mji. Lushoto nitairudia mwishoni kwa ajili ya hao wawili.

Uluguru yenyewe ina pande mbili, na kwa mwenye gari ni kama safari mbili tofauti. Upande wa mashariki, njia za Kinole na Matombo, unatazama Bahari ya Hindi. Upepo wenye unyevu unapanda pale, unapoa na kumwaga mvua, hata miezi ambayo Dar ni vumbi tupu. Ni upande wa kijani kibichi, migomba, iliki na mdalasini, na ni mzuri kwa kutembea kwa miguu. Kwa dereva mgeni ni upande wa udongo mwekundu ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Upande wa magharibi, yaani Mgeta, mlima unaukinga na sehemu ya mvua hiyo. Mwezi wa saba njia yake kwa kawaida ni kavu, ngumu, ya mawe na makorongo ya zamani. Kwa kujifunza hiyo ndiyo njia yenu.

Mtatoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, mtakata kushoto Sangasanga, mtapita Mlali ambako bado ni tambarare na joto, halafu mlima unaanza. Baada ya hapo ni kona juu ya kona hadi Mgeta, na mbele yake Nyandira, zaidi ya mita 1500 kutoka usawa wa bahari. Kwa ramani utasema ni karibu. Tengeni saa tatu kutoka Morogoro, na msipange kufika baada ya saa tisa alasiri. Mgeta na Nyandira ndiko zinakotoka kabichi, njegere, karoti na viazi vingi mnavyonunua Dar, na malori yanayovibeba yanashuka yamejaa hadi juu, mengine jioni na usiku. Kwenye kona nyembamba lori lililoshiba kabichi haliwezi kurudi nyuma kukupisha. Ni wewe utakayerudi nyuma, gizani, kwenye ukungu, na bonde liko upande wako.

Ndiyo maana Ijumaa usiku mtalala Morogoro mjini kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, na mlimani mtalala usiku mmoja tu, wa Jumamosi. Najua ndoto yenu ilikuwa siku mbili. Usiku mmoja mliofika mchana mkachagua pa kulala unazidi mbili ambazo wa kwanza mlikuwa mnagombana kwa tochi. Na huyo mwenzenu anayetoka kazini saa moja asiwacheleweshe. Treni ya SGR kati ya Dar na Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, inatumia chini ya saa mbili. Aangalie ratiba ya treni za usiku, akate tiketi mapema maana Ijumaa zinajaa, mtampokea stesheni. Nyinyi wengine tokeni Dar mchana, kabla foleni ya Kimara na Kibaha haijafunga. Na kwenye vijiji vyote vya barabara ya Morogoro mwendo ni 50; tochi za trafiki hazijali kwamba mnakwenda kupumzika.

Sasa gari. Mwambie mwenye RAV4 kabla ya yote alale chini ya gari lake. Simtanii. RAV4 za miaka hiyo ziko za aina mbili: zinazovuta tairi za mbele tu na zinazovuta zote nne, na kwa nje zinafanana. Yenye nne ina difu nyuma, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya magurudumu, na propela, yaani mhimili mrefu unaotoka mbele hadi hapo. Kwenye dashibodi pia kuna kitufe cha kufunga mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Kama havipo, hilo ni gari la mjini. Kwa Mgeta ya kiangazi bado linaweza kufika, lakini mvua ikidondoka linabaki pale lilipo. Mkikuta ni la mbele tu, azimeni gari jingine, au mpange kuliacha Mlali sehemu salama na wote mpande na Prado kwa awamu.

Kama ina nne, ajue kitufe kile kinafanya nini. Kwa kawaida gari linavuta kwa mbele na kupeleka nguvu nyuma pale tu tairi za mbele zinapoteleza. Ukibonyeza, nguvu inagawanywa mbele na nyuma muda wote, ila ni kwa mwendo mdogo tu; ukipita kama kilomita 40 kwa saa kinajiachia chenyewe. Abonyeze kabla ya kupanda sehemu mbaya, asingoje tairi zianze kuzunguka bure. Kifaa kinachogawa nguvu hiyo hupata moto kikilazimishwa muda mrefu, na kikizidiwa kinaacha kazi hadi kipoe. Basi gari likigoma mara mbili mahali pamoja, zimeni, shukeni, tazameni ardhi. Kukanyaga mafuta mara ya tatu hakujawahi kuwa na faida, kunachimba shimo tu.

Prado ya 2006 inavuta tairi zote nne wakati wote, na ina kile kigiya kidogo cha pembeni chenye H ya mwendo wa kawaida na L ya mwendo mdogo wenye nguvu. Madereva wengi wa Dar wamekaa na gari miaka bila kukigusa, na kisipoguswa kinaganda. Wiki mbili kabla ya safari, kwenye uwanja wa vumbi, simamisheni gari kabisa, wekeni gia kwenye N, halafu ingizeni L. Nendeni mbele na nyuma mita kadhaa, kisha mtoe. Kikigoma, kipelekeni kwa fundi sasa hivi, Mlali mtakuwa mmechelewa. Jizoezeni pia kufunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na kuifungua. Msiendeshe na difu hiyo imefungwa kwenye lami kavu. Kwenye kona tairi za mbele na za nyuma hazitembei umbali sawa, na kama haziruhusiwi kutofautiana kitakachoachia ni chuma.

Kuhusu tairi nina maneno mengi, kwa sababu ndizo zinazowapeleka na ndizo zinazowarudisha. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara. Ukikuta 2319, maana yake tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zina kashata nzuri, yaani meno ya kushika barabara, lakini umri wake umekwisha, mpira umekauka. Kwenye lami zinavumilia, kwenye jiwe lenye ncha zinapasuka ubavuni, na ubavu hauzibwi. Tairi lililopita miaka sita mimi silipandishi mlima. Tairi la spea ni hivyohivyo. Wengi hawajui hata kama lina upepo.

Upepo wenyewe ndio silaha ya bei rahisi kuliko zote. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi inayosema gari linataka kiasi gani. Kwa magari yenu itakuwa karibu na 30 kwa kipimo cha PSI. Hiyo ni ya lami. Mkifika Mlali, kabla ya kupanda, pimeni kwa geji na mshushe hadi 24 au 25. Tairi litalala kidogo, litashika mawe kwa eneo kubwa zaidi, litabonyea badala ya kuruka, na abiria wa nyuma wataacha kulalamika. Mkiingia kwenye tope la kweli mnaweza kwenda hadi 20. Chini ya hapo msiende, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu mkikata kona. Ukishapunguza upepo, mwendo usizidi 40, na mkirudi Mlali mjaze tena kabla ya kushika lami. Tairi laini kwenye mwendo wa 80 linachemka na kupasuka. Mnahitaji geji na pampu ndogo ya umeme ya kuchomeka kwenye betri. Ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inafanya kazi pia, ila polepole, na mara nyingine inaunguza fyuzi.

Kimbiji iliwafundisha kwamba kwenye mchanga usisimame. Msilibebe somo hilo kwenda mlimani. Kwenye mawe mtu anayekimbia anapasua sampu, beseni la oili chini ya injini. Mlimani dereva anatambaa, anajua kila tairi liko wapi, na mahali asipopaona anamshusha mwenzake atangulie kwa miguu na kumwelekeza kwa mikono. Anayeelekeza awe mmoja. Wakiwa watatu kila mmoja atasema lake na dereva atamsikiliza aliyepiga kelele zaidi. Jiwe kubwa usilipitishe katikati ya gari kwa kudhani ni juu. Panda nalo kwa tairi, taratibu, tumbo la gari libaki salama.

Kupanda, Prado itangulie. Ikifika juu mahali pagumu isimame, RAV4 ndipo ianze. Kushuka, RAV4 itangulie na Prado ibaki juu, iweze kuivuta kwa nyuma ikilazimu. Sheria ni moja kwa pande zote: kwenye mteremko mmoja linakuwa gari moja tu kwa wakati. Na kila dereva ana kazi ya kumwangalia aliye nyuma yake. Njia panda hazipitwi hadi wa nyuma aonekane, kwa sababu kwenye mabonde ya Mgeta simu inaweza kukosa mtandao muda ambao ndio unamtafuta mwenzako. Ramani mzipakue Morogoro zikiwa na intaneti, na mtu mmoja Dar, ndugu au mzazi, aachiwe majina ya vijiji na saa ambayo akiwa hajapata simu yenu aanze kuuliza. Namba ya dharura ya polisi ni 112, zimamoto na uokoaji ni 114.

Sasa kushuka, ambako ndiko roho yangu iko. Kosa la dereva wa mjini ni kuacha gia kwenye D na kukanyaga breki kilomita kumi mfululizo. Breki zinapata moto, mafuta yake yanachemka, na mafuta yaliyochemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mvuke unabonyea, kwa hiyo unakanyaga na pedeli inazama hadi chini bila gari kusimama. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kadri yanavyozeeka, na yenye unyevu yanachemka haraka zaidi. Yabadilisheni kabla ya safari kama yana zaidi ya miaka miwili, na kwenye gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu chukulieni kwamba ni ya zamani. Gharama yake ni ndogo kuliko nyama ya Jumamosi.

Prado ishuke kwenye L ya pembeni na gia ya otomatiki iwe ya kwanza au ya pili. Injini itashikilia gari, na breki itaguswa tu kusahihisha. RAV4 haina L ya pembeni, ina gia za chini tu za otomatiki. Ashuke kwa hizo, agonge breki kwa nguvu kwa muda mfupi, aachie, agonge tena, asiing'ang'anie. Asiweke N hata kwa mita tano. Mkisikia harufu ya kuungua au pedeli ikaanza kuwa laini, simameni mahali pa kwanza pa tambarare, wekeni jiwe nyuma na mbele ya tairi, mpumzike nusu saa au zaidi. Msimwage maji kwenye diski zenye moto, zitapinda.

Na ikinyesha usiku wa Jumamosi? Mwezi wa saba si kawaida sana Mgeta, lakini mlima haujasaini mkataba na mtu. Mvua ikinyesha, magari hayaguswi asubuhi. Chemsheni chai, subirini jua lipande. Udongo ule saa moja asubuhi ni utelezi, saa nne au tano unaweza kuwa njia. Haraka ya kuwahi foleni ya Kibaha ndiyo inayowaangusha watu bondeni. Kila mmoja amwambie bosi wake mapema kwamba Jumatatu anaweza kuchelewa. Ukishasema, hata mguu wako kwenye mafuta unatulia.

Vifaa vya kujikwamua havihitaji duka la kifahari. Koleo, panga, kamba nene ya kuvutia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, pingu mbili za chuma za kuungia kamba zenye uwezo ulioandikwa, ubao mpana wa kuwekea jeki chini ili isizame, na spana ya nati za tairi mliyoijaribu nyumbani kwenye kila gari. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikwa kwenye chasisi. Isifungwe kamwe kwenye ile bolu ya kuvutia trela. Imewahi kukatika na kuruka na kuua watu sehemu nyingi duniani. Kabla ya kuvuta, chimbeni kwanza mbele ya tairi zote, muondoe udongo tumboni mwa gari. Mkivuta, tandikeni koti zito au gunia lenye mchanga katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na watazamaji wote wakae mbali, pembeni, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Watoto wa kijiji watakuja kuangalia, hilo halina shaka. Mtu mmoja apewe kazi ya kuwasogeza.

Vijana wa kijiji wakiwasaidia kusukuma, wao ni vibarua waliokatiza siku yao. Elewaneni kabla, lipeni, shukuruni. Na mkifika Nyandira au kijiji chochote mnachotaka kulala, kabla ya kutandaza kitu nendeni ofisi ya kijiji kwa mtendaji au mwenyekiti. Msalimie, msaini kitabu cha wageni, mseme ni kina nani na mnakaa hadi lini. Watawaonyesha pa kulala, mara nyingi pazuri kuliko mnapopaona nyinyi. Mashamba ya kule yamepangwa kwa ngazi kwenye miteremko, na uwanja mnaoona mtupu una mwenyewe. Mwaka 1955 Waluguru waliinuka dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kuchimba matuta wasiyoyataka, hadi mpango ule ukavunjwa. Usitegemee mtu wa huko akuchekee ukiegesha Prado kwenye njegere zake. Msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mkitaka kuingia humo kuna kibali na ada, na mnavipata Morogoro kabla ya kupanda. Kwa safari ya kwanza kaeni kijijini, chini ya msitu.

Sehemu ya hema: tambarare, mbali na ukingo wa mto. Mvua inaweza kunyesha juu msikoiona na mto ukajaa kwenu kukiwa na nyota. Zungukeni mkiangalia chini, mtafute mistari ya siafu. Hema likiwekwa kwenye njia yao, saa nane usiku mtakuwa nje mkivua nguo zote, na wenyeji wataisimulia hadithi hiyo miaka. Majivu kuzunguka hema huwachelewesha, lakini dawa ya kweli ni kuhama.

Baridi msiidharau. Hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1000 mnazopanda, na mwezi wa saba hata Dar usiku watu wanajifunika. Nyandira usiku huo mtataka sweta, soksi, kofia ya sufu na kitu cha kulalia kinachowatenga na ardhi, kwa sababu baridi kubwa inatoka chini. Hapo ndipo nina onyo ambalo naomba lisomwe kwa sauti kwenye kundi lenu: jiko la mkaa haliingii ndani ya hema wala ndani ya gari, hata kama limebaki majivu mekundu tu, hata kwa dakika chache. Mkaa unaowaka taratibu unatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu haamki akikohoa, anazidi kusinzia. Ni hivyohivyo kwa injini iliyoachwa ikinguruma ili hita ifanye kazi huku mmelala. Mkisikia baridi, ongezeni nguo, au jazeni chupa maji ya moto mkalale nayo miguuni.

Maji msibebe mengi sana. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha kwa watu saba kufika na kupika jioni, mengine mtachota huko na kuyachemsha vizuri. Kila lita ni kilo moja ambayo RAV4 lazima iipandishe. Mto Mgeta unaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolisha mabomba ya Dar. Kwa hiyo sabuni na sufuria zenye mafuta zisioshwe kijitoni, na asiye na choo cha kijiji karibu aende na koleo mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, achimbe urefu wa kiganja, afukie. Atakayepuuza atakutana na kazi yake Tabata.

Chakula sina la kuwafundisha. Nunueni mboga na viazi kulekule, mbichi na bei ya shambani. Moto wa kuni uwe mdogo, mahali mlipoonyeshwa, na uzimwe kwa maji hadi jivu liguswe kwa mkono. Kiangazi moto ni adui mkubwa wa milima ile. Gesi ndogo ya kupikia inawatosha. Bia, kama zipo, ni za watakaokuwa wamemaliza kuendesha hadi kesho yake mchana, na dereva wa asubuhi anahesabu saa kuanzia glasi ya mwisho.

Mizigo mizito iwe ndani, chini, katikati ya magari. Juu ya bodi pandisheni vyepesi tu: mahema, magodoro. RAV4 ibebe watu watatu, Prado wanne. Dizeli na petroli mjaze Morogoro hadi juu, kwa sababu kwenye gia za chini gari linakunywa zaidi ya mlivyozoea na sitaki mnunue petroli ya chupa mlimani.

Hao wawili wa Lushoto wana hoja, ila si ya siku mbili. Kutoka Dar hadi Mombo kwa njia ya Chalinze na Segera ni nusu siku nzuri, kisha kilomita 33 za lami zinazopanda kwa kona hadi Lushoto mjini. Hadi hapo RAV4 inafika hata ikiwa ya tairi mbili. Njia ya vumbi wanayoitaka ndiyo inaanza hapo, kuelekea Mtae, ambako milima inakatika ghafla na unaona nyika ya Mkomazi chini. Kwenda, kulala na kurudi kunataka siku nne zisizo na haraka. Saba Saba na Nane Nane zote ziko kwenye kiangazi. Mwaka ambao mojawapo inaangukia Ijumaa au Jumatatu, ombeni ruhusa ya siku moja zaidi, mwende. Pasaka msiiguse, ni masika.

Kabla ya hapo fanyeni Mgeta. Na kwenye kushuka, mwenye Prado na mwenye RAV4 wabadilishane magari kwenye kipande kimoja kilicho rahisi, ili wa Prado aone mwenzake anatumia akili kiasi gani.